Diski Nne, Nafasi ya Mbili

Watu wote wa chuo kile, wanafunzi, walimu na makarani, wangeenea ndani ya simu yangu na nafasi ikabaki ya picha za harusi. Seva ya saraka, ile inayojua nani ni nani, nywila yake ipi na anaruhusiwa kuingia wapi, huweka maandishi machache tu kwa kila mtu. Watu 6,000, kilobaiti 5 kila mmoja: megabaiti 30. Zidisha mara kumi kwa ajili ya faharasa, bado ni kitu kidogo. Lakini seva hiyo ikizimika, hakuna anayejisajili kwa mtihani, hakuna anayefungua barua pepe, na mhasibu haoni nani amelipa ada.

Nilipewa kazi ya kupendekeza diski za seva mbili, sehemu ya mafunzo kwa vitendo ya shahada yangu ya uzamili. Chuo kiko Mji Mkongwe, ghorofani, ndani ya nyumba ya mawe na chokaa yenye kuta nene hata waifai haivuki chumba. Karatasi ya manunuzi ilikuwa imeshaandikwa: diski nne kila seva, RAID 5. Mimi nilitaka diski hizohizo nne ziwekwe mbilimbili, kila moja na pacha wake. Jozi moja ya data, jozi nyingine ya mfumo na logi.

Mama wa manunuzi alivua miwani. "Mwanangu, tununue nne tupate nafasi ya mbili? RAID 5 inatupa tatu. Nitamwambia nini mkaguzi?"

Swali la haki. RAID yenyewe ilizaliwa na hesabu za fedha: mwaka 1988 Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza namna diski nyingi za bei nafuu zinavyoweza kushika nafasi ya moja kubwa ya gharama. Ila nafasi ndiyo kitu pekee ambacho saraka haikihitaji. Data yake yote hukaa kwenye RAM, na kusoma karibu hakuigusi diski. Kinachoigusa ni kuandika: nywila mpya, akaunti iliyofungwa baada ya kukosea mara tatu na, ukiwa umewasha sera ya kurekodi muda wa mwisho wa kuingia, kila anayeingia anakuwa mwandishi. Wiki ya kwanza ya muhula ni foleni ya waandishi.

Kwenye RAID 5, badiliko dogo moja ni safari nne: soma data ya zamani, soma pariti ya zamani, andika data mpya, andika pariti mpya. Umeme ukikatika katikati ya safari hizo, data na pariti zinaweza kuachana bila mtu kujua, mpaka siku diski moja inapokufa na unaitegemea pariti ikujengee upya kilichopotea. Kadi yenye betri huzuia hilo, lakini betri huzeeka, na joto letu haliisaidii. Pacha huandika mara mbili, kwa pamoja, basi.

"Yaani kama kanga," Mama alisema. "Haiuzwi kipande kimoja."

"Ndiyo, Mama. Ila doti hii vipande vyake visitoke robota moja."

Hapo alinitazama vibaya. Diski zilizotengenezwa pamoja na kuwashwa siku moja huchoka pamoja. Nilitaka kila jozi ichanganye matoleo mawili. Kwake hilo lilimaanisha ankara mbili.

Nikamkumbusha kitu asichohitaji kukumbushwa. Mei 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 tena, mpaka Machi 2010. Nilikuwa mtoto, nakumbuka ndoo za maji, kwa sababu pampu nazo zilizimika, na jenereta zikinguruma vichochoroni hadi huwezi kusikia adhana. Kisiwa kizima kilining'inia kwenye waya mmoja wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya mkubwa zaidi ulikuja 2013.

Alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo msimamizi wangu hakuwahi kuniuliza: "Sasa hizo seva zako mbili, zote si zitakuwa humu humu ghorofani?"

Zingekuwa humo. RAID hulinda diski. Haijui habari za dari. Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka, na nyumba yetu si changa. Kuipeleka seva ya pili Tunguu kungetuokoa na dari, si na waya. Saraka hunakiliana yenyewe kati ya seva kupitia mtandao, umbali si tatizo, kwa hiyo nikaandika Pemba, kwenye tawi la chuo. Pemba hupata umeme wake kutoka Tanga, kwa waya mwingine, tangu 2010.

Mapacha yalipita, na ankara mbili zikapita. Mama alisaini kwa kalamu nyekundu, sijui kwa nini nyekundu. Seva ya kwanza inafanya kazi. Ya pili iko kwenye boksi lake chini ya ngazi, imefunikwa turubai kwa ajili ya chumvi ya hewa, ikisubiri mtu akubali kulipia nauli ya boti na fundi wa siku mbili Chake Chake.