Breki Haikuwa na Makosa

Leo sina mahubiri marefu, nina ungamo. Wale mliokuwa nasi hapa Voi mwaka 2011 mnalijua tayari. Ninyi mliokuja baadaye mmezoea kuniona nikiwapeleka kwenye mazishi na kesha, labda mnadhani nilizaliwa nimeshika usukani. Kaa kidogo nikueleze.

Nimekulia kwenye milima ya Taita. Kama wewe ni rika langu, unajua gari letu la kwanza lilikuwa la waya. Magurudumu ni ndara iliyokatwa kwa wembe, na usukani ni mrefu hadi kifuani ili usikimbie ukiwa umeinama. Injini ni mdomo wako. Ukitumwa chumvi dukani huendi kwa miguu, unaendesha, na ukirudi unaegesha vizuri kando ya jiko.

Halafu binamu yangu akaunda gari la kupanda. Lilikuwa la mbao, lenye magurudumu aliyoyachonga kwa panga na kuyapaka oili chafu ili yazunguke. Unakalia ubao, unageuza kwa kamba, breki ni kisigino chako. Na mteremko kwetu haukosekani. Siku moja nikalichukua bila ruhusa. Kona ya kwanza nikaipita, ya pili ikanishinda, nikaingia kwenye migomba ya nyanya na kuangusha mkungu uliokuwa haujakomaa.

Nyanya akauliza kumetokea nini. Nikajibu, "Gari limekataa kusimama."

Huo ulikuwa uongo. Kisigino sikukishusha hata kidogo. Niliganda kwa hofu. Lakini nyanya aliamini kwamba lile gari ni hatari kwa watoto. Akalipasua kwa shoka, na jioni hiyo likapika maharagwe yetu. Binamu yangu aliketi akiutazama moto, hakusema kitu. Hakunisemesha mpaka shule zilipofunguliwa.

Mpendwa, ishike hiyo sentensi: gari limekataa kusimama.

Sasa njoo 2011. Nimetoka chuo cha Biblia na diploma yangu, nina kanisa la mabati na washirika wanaonipenda kuliko ninavyostahili. Wakachanga kwa miezi, wengine kwa pesa za mboga, wakaninunulia Toyota Corolla kuukuu ya gia. Fundi kijana wa hapo kanisani aliikagua kabla haijanunuliwa, bila kudai malipo.

Jumapili ya kukabidhiwa ufunguo ikafika. Vigelegele, nyimbo, watu wanatandaza leso njiani. Mtu akapaza sauti, "Mchungaji, tuzungushe!"

Leseni nilikuwa nayo mfukoni, kile kitabu chekundu. Ila nikuambie kweli: nilikuwa nimempa mtu pesa, leseni ikaja. Sikukaa darasani, sikufanya mtihani. Mimi niliyesahihishwa Kiyunani nikapita, kwenye udereva nilinunua jibu.

Ningeweza kusema, "Wapendwa, sijui kuendesha." Ni maneno matatu tu. Lakini nilikuwa nimevaa suti, na mke wangu alikuwa ananitazama. Nikaingia.

Niliachilia klachi yote mara moja, gari likaruka. Nikataka kukanyaga breki, mguu ukashuka kwenye mafuta. Tukaenda moja kwa moja hadi chini ya mwarobaini wanakosomea watoto wa shule ya Jumapili. Viti saba vya plastiki vikapasuka, na shina la mti likatusimamisha. Watoto walikuwa wameinuka muda mfupi kabla, wakakimbilia juisi. Hadi leo nikipita chini ya mti ule, miguu yangu inalegea.

Watu wakakimbia kwangu. "Pastor, ni nini?"

Nikasema, "Breki imekataa."

Umesikia? Zaidi ya miaka ishirini imepita, nimesoma Neno, nimebatiza watu, na mdomo ukarudi palepale kwenye migomba ya nyanya.

Na kanisa likaniamini. Akina mama wa maombi wakalizunguka lile gari, wakamkemea adui, wakapaka boneti mafuta. Na mimi, mchungaji wao, nikasema Amina.

Wiki tatu baadaye mzee mmoja wa kanisa akaja nyumbani. Alikuwa ameendesha malori kati ya Mombasa na Malaba karibu maisha yake yote ya kazi. Akaniomba ufunguo, akaniketisha kando yake, tukaenda mpaka Mwatate na kurudi. Hakusema neno njia nzima. Tulipofika akazima injini.

"Mchungaji, breki ni nzima."

Nikanyamaza.

"Yule kijana wetu fundi ana watoto wawili. Tangu Jumapili ile watu wanasema alikagua gari vibaya, hawampelekei kazi tena. Nimekuja kwako kwanza, kabla sijaongea na mtu mwingine."

Nikaweka kichwa kwenye dashibodi nikalia. Nilidhani uongo wangu ulikuwa wa kuficha aibu yangu tu. Kumbe kulikuwa na mtu anaulipia kila siku, na wala si mimi. Mara ya kwanza aliyelipa ni binamu, safari hii ni fundi.

Jumapili iliyofuata sikuhubiri. Nilisimama mbele nikasema yote: leseni, mguu, breki. Ningependa kukuambia kwamba yule kijana alinikumbatia papo hapo. Hapana. Alinisamehe kwa mdomo, akakaa miezi miwili bila kuja ibadani, na wateja wake hawakurudi wote. Toba hufuta dhambi mbele za Mungu, lakini hasara ya jirani yako inabaki kwako kuirekebisha, na nilifanya nilichoweza.

Kisha nikajiandikisha shule ya udereva, hapahapa mjini. Mchungaji mzima, ndani ya gari lenye L kubwa nyekundu mbele na nyuma, linazima katikati ya barabara na matatu zinapiga honi. Watoto wa kanisa wakinipungia: "Pastor L!" Siku ya mtihani nikasimamishwa mbele ya ule ubao wenye mji mdogo, barabara na mizunguko, nikapewa kigari cha kuchezea nikiendeshe kwa kidole huku nikieleza napita wapi na kwa nini. Nikakumbuka waya, nikakumbuka maharagwe. Jioni nikampigia binamu yangu simu nikamwomba msamaha. Alicheka sana, halafu akanyamaza, akasema, "Unajua nililijenga likizo nzima?"

Ukipata nafasi leo, fungua Matendo ya Mitume sura ya 8. Kuna mtu mkubwa pale, mtunza hazina ya malkia wa Waethiopia, anasafiri ndani ya gari lake akisoma kitabu cha Isaya. Filipo anamkimbilia na kumuuliza kama anaelewa anachosoma. Mtu wa cheo kile angeweza kujibu ndiyo, gari likaendelea. Lakini anakiri kwamba hawezi bila mtu wa kumwongoza, kisha anamkaribisha Filipo apande aketi pamoja naye. Kabla safari haijaisha amebatizwa, na anaenda zake akifurahi. Furaha ile ilianzia mahali aliposema hajui.

Naomba nikuulize, mtu wa Mungu. Ni usukani gani umeushika leo na mtihani wake hukuufanya? Inaweza kuwa ndoa, au biashara ya watu, au cheo kazini, au huduma madhabahuni. Na ile breki unayoilaumu, ni kweli imekataa, au ni mguu wako? Kuna fundi gani anayekosa unga kwa sababu wewe hutaki kusema "sijui"?

Mtafute leo. Kisha mkaribishe mtu anayejua aketi kando yako.

Tuombe: Baba, nipe ujasiri wa kusema sijui kabla mtoto hajakaa kwenye kile kiti. Na pale nilipomwachia mwingine alipe deni langu, nirudishe kwake. Katika jina la Yesu, Amina.

Ubarikiwe. Na ukikutana barabarani na gari lenye L, usipige honi. Huenda ni mchungaji.