Kangaga Halichanui

Wageni wanaoketi barazani kwangu huyasifu makangaga yangu kwa neno moja: "maua". Lakini kangaga halichanui, tangu lichipue hadi linyauke. Halina ua, halina tunda, wala halina mbegu. Ligeuze jani lake uone madoa ya hudhurungi yaliyojipanga kwa safu. Humo mna spora, vumbi laini linalopeperushwa na upepo. Spora ikiangukia penye unyevu huota kijimea chembamba, aghalabu chenye umbo la moyo. Hapo seli ya kiume huogelea katika maji hadi kulifikia yai, ndipo kangaga jipya lizaliwe.

Kwa hiyo, kulitunza kangaga ni kuulinda unyevu. Mimi huyapanda katika mboji iliyochanganywa na makumbi ya nazi, nikayaweka pasipofika jua la mchana. Kaskazi inapovuma na kukausha ncha za majani, huyanyunyizia asubuhi na jioni. Moja nimelifunga kwenye gogo lililotundikwa ukutani. Majani yake yamegawanyika kama pembe. Katika misitu ya pwani yetu huota juu ya miti bila kuinyonya. Wataalamu huliita Platycerium alcicorne. Jingine, lenye vikonyo vyeusi vyembamba kama unywele, ni Adiantum, jina litokanalo na Kigiriki kwa maana ya "lisilolowa", kwa kuwa maji huteleza juu ya majani yake. Wagiriki walitazama, kisha wakataja.

Silikatai neno "ua". Katika Kiswahili cha nyumbani limekwisha kuwa jina la mmea wowote upambao chungu, na lugha ina haki ya kupanua maana. Linalonisikitisha ni kwamba wajukuu wangu hawakuwa wamewahi kulisikia neno "kangaga". Neno lililobaki kamusini tu ni kama jani lililokaushwa baina ya kurasa: umbo lipo, uhai haupo.

Washairi nasi tuna deni. Tumewasifu wapenzi wetu kwa waridi na asumini hata harufu imewachosha wasomaji. Nani amemsifu mtu kwa kangaga, lipendezalo kivulini pasi na ua wala manukato?

Nimeanza kuyapa majina: kangaga-pembe, kangaga-nywele. Juzi mjukuu wangu, kopo la maji mkononi, aliniuliza: "Babu, na kangaga-pembe nalo nilimwagilie?"