Wingu Dogo la Andromeda

Macho hayana pazia, walisema wahenga. Lakini yana kikomo. Lipokeacho jicho dakika hii halikiweki akiba kwa dakika ijayo, na mtu akiikodolea nyota hafifu usiku kucha, haitamzidia mwanga. Abd al-Rahman al-Sufi, mwanafalaki wa Uajemi, alipoiandika Andromeda katika kitabu chake cha mwaka 964, aliitaja kuwa wingu dogo. Karibu karne tisa baadaye, mwaka 1847, George Bond alilitazama wingu hilo kwa darubini kubwa ya Harvard, akaona ndani yake michirizi miwili myeusi iliyonyooka. Hapo jicho likakwama.

Aliyelikwamua hakuwa mwanachuoni. Isaac Roberts, mzaliwa wa Wales, alikuwa mjenzi wa majumba mjini Liverpool. Mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka 56, alisimika nyumbani kwake Maghull darubini mpya iliyoundwa na Howard Grubb wa Dublin, yenye kioo cha upana wa inchi 20. Pale ambapo wengine wangeweka jicho, yeye aliweka bamba lililopakwa chumvi za fedha. Bamba lina tabia ambayo jicho halina: hulimbikiza. Kila chembe ya nuru iliyofika iliongezwa juu ya iliyotangulia, kama matone yajazavyo mtungi.

Lakini dunia haisimami kungoja. Ilibidi mtambo wa saa uigeuze darubini polepole kuifuata mbingu, na mlinzi akeshe akiiangalia nyota moja isiteleze hata kwa unywele. Mawingu yakitanda, au mkono ukikosea, jasho la usiku mzima hupotea.

Mwaka 1888, baada ya saa kadhaa za subira, bamba la Andromeda lilisafishwa kwa dawa gizani. Michirizi ya Bond haikuwa imenyooka kamwe. Ilikuwa mianya iliyopinda baina ya pete na pete, nuru ikizunguka kiini chake mithili ya maji pale mikondo miwili inapokutana.

Roberts aliamini anashuhudia kuzaliwa kwa jua jipya na sayari zake. Hata mawingu mawili madogo ya pembeni aliyadhania kuwa sayari zinazoumbika. Picha ilikuwa kweli. Tafsiri ndiyo iliyopotoka. Mwaka 1923 Edwin Hubble, naye kwa bamba la picha, huko Mount Wilson nchini Marekani, aligundua katika Andromeda nyota ya kubadilika mwanga ambayo kwayo umbali ungeweza kupimwa. Wingu lile likadhihirika kuwa galaksi nzima, mbali kabisa nje ya galaksi yetu. Leo umbali huo wajulikana kuwa yapata miaka ya nuru milioni 2.5.

Roberts hakuyasikia hayo. Alifariki mwaka 1904. Nuru aliyoilinda kwa baridi ya usiku ilikuwa imeanza safari kabla ya kuwapo mtu wa kuitazama. Alikuwa kama mnakili mwaminifu wa utenzi wa kale: alihifadhi kila herufi mahali pake, akakosea maana. Na kwa kuwa herufi hazikuguswa, waliokuja baadaye waliweza kuusoma upya.