Barua za Dora

Wiki hii nimeitazama tena Central do Brasil, filamu ya Mbrazili Walter Salles ya mwaka 1998, na nimekasirika palepale nilipokasirika mara ya kwanza.

Dora, mwalimu mstaafu, ana kimeza chake ndani ya stesheni kuu ya treni ya Rio de Janeiro. Anawaandikia barua wasiojua kusoma wala kuandika. Anachukua hela yao, anaandika wanayosema, halafu jioni anazisoma nyumbani na jirani yake. Wanacheka. Nyingine anazichana, nyingine zinaishia kwenye droo. Jamani!

Bibi yangu mzaa mama naye alikuwa na mtu wa kumwandikia barua, zikienda kwa mwanawe aliyekuwa mbali. Majibu hayakuja, naye akamlaumu mjomba mpaka anaingia kaburini. Je, zilitumwa? Wa kunijibu hayupo, wote watatu wametangulia. Ndiyo maana Dora huwa ananitoa machozi ya hasira kabla ya yale mengine.

Basi, mteja wake mmoja anagongwa na basi nje ya stesheni, anamwacha mtoto wa kiume, Josué. Usidhani huyu mama anamhurumia. Anamuuza! Hela ananunulia televisheni mpya. Baadaye dhamiri inamsumbua, anakwenda kumpora mtoto, na wawili hao wasiopendana wanapanda basi kwenda kaskazini-mashariki kumtafuta baba yake. Ya njiani sikumalizii uhondo, ila kuna usiku wa mahujaji na mishumaa ambapo mtoto ndiye anayegeuka mlezi.

Filamu ilichukua Dubu wa Dhahabu huko Berlin mwaka 1998, na Fernanda Montenegro, ambaye ndiye Dora, akawa mwigizaji bora wa kike. Kwenye Oscar ya 1999 aliishia kuteuliwa tu (mimi bado sijawasamehe). Mtoto Vinícius de Oliveira hakuwa mwigizaji kabisa, alikuwa anapiga watu viatu kiwi uwanja wa ndege, Salles akamwona hapo. Mwaka 2025 Salles huyohuyo aliipatia Brazili Oscar kwa I'm Still Here, na nyota wake ni Fernanda Torres, binti wa Montenegro.

Ukiipata, itazame mpaka mwisho. Dora anaandika barua moja bila kulipwa na mtu, ndani ya basi, alfajiri. Angalia anamwandikia nani.