Mwanga wa Usoni: Miaka ya Kupiga Picha za Familia Mjini Tanga

Picha ya familia hupigwa kwa ajili ya nyuso. Mandhari, nguo mpya, gari lililokodiwa kwa siku ya harusi, vyote hutazamwa mara moja vikaisha. Uso hurudiwa miaka nenda miaka rudi, na mwenyewe akiwa mbali au amekwisha kufariki, hutafutwa zaidi katika karatasi ile. Kwa hiyo mafunzo ya kupiga picha za nyumbani, iwe kwa kamera au kwa simu, huanzia hapo: namna mwanga unavyouangukia uso. Ndivyo mwandishi wa tawasifu hii alivyofundishwa alipoingia studio kwa mara ya kwanza, mjini Tanga mwaka 1986, akiwa kijana wa kubeba taa na kufagia chumba cha giza. Na ndivyo alivyolazimika kujifunza upya mwaka 2006, alipoweka kando filamu akashika kamera ya dijitali.

Studio ilikuwa katika eneo la Ngamiani, chumba kimoja kirefu chenye pazia lililochorwa bahari na minazi. Taa zilikuwa mbili tu. Moja kali iliwekwa mbele, kwa ubavu, nyingine dhaifu ilikuwa ya kupunguza kivuli upande wa pili. Kwa miezi sita mwanafunzi hakuruhusiwa kugusa kamera. Kazi yake ilikuwa kusogeza taa na kutazama kivuli cha pua. Kivuli kikigusa mdomo, taa iko juu mno. Kikilala shavuni kote, taa iko pembeni mno. Kisipoonekana kabisa, uso hutoka bapa kama sahani. Ni somo la kuchosha, lakini hakuna lililomfaa zaidi, kwa kuwa kivuli cha pua kipo popote palipo na mtu na mwanga, studio na nje ya studio.

Nje, taa ni jua. Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na jua la saa sita mchana husimama karibu na utosi. Macho huingia shimoni, kidevu huangusha kivuli cheusi shingoni, na aliyevaa kofia au mtandio uliojitokeza mbele hupoteza nusu ya uso. Saa nzuri ni asubuhi kabla ya saa tatu na jioni kuanzia saa kumi na nusu, jua linapokuja kwa ubavu na likiwa limelainika. Taabu ni kwamba shughuli za watu hazipangwi kwa kumngoja mpiga picha. Mtoto anatolewa nje akitimiza siku arobaini saa nne asubuhi, biharusi anatoka saa saba. Hapo dawa ni kivuli kilicho wazi: barazani, chini ya mwembe mnene, upande wa nyumba usiopigwa na jua. Mwanga wa mbingu huingia humo kwa upole, na kama ng'ambo ya njia kuna ukuta wa chokaa, ukuta huo huongeza mwanga wa kutosha kuyafungua macho.

Ndani ya nyumba taa bora ni mlango. Mtu akae hatua moja nyuma ya kizingiti, auelekeze uso nje kwa pembe kidogo, naye mpiga picha asimame ubavuni pa mlango bila kuziba mwanga. Picha nyingi alizozipenda mwandishi katika maisha yake yote ya kazi zilipigwa hivyo, kizingitini, bila taa wala flashi. Balbu ya dari izimwe, maana rangi yake na rangi ya mchana hazipatani, na uso hutoka upande mmoja wa manjano na upande mwingine wa samawati. Kwa sababu hiyohiyo turubai la bluu la shughulini ni adui mkubwa. Jua likipita ndani yake, wageni wote hutoka kama waliozama majini. Kamera ina marekebisho ya rangi ya mwanga, na husaidia, lakini kumtoa mtu hatua tatu nje ya turubai husaidia zaidi.

Baada ya mwanga wenyewe huja kipimo chake. Kamera nyingi, na kila simu, zina kipima mwanga, na kifaa hicho hakijui kinachokitazama. Hukisia kwamba kila kilicho mbele yake, weusi na weupe kwa pamoja, kikichanganywa kitatoa kijivu cha kati, kisha hupanga picha itoke hivyo. Ukuta mweupe hutoka kijivu, na paka mweusi naye hutoka kijivu. Kwa familia za pwani jambo hili ni zito, kwa sababu shughuli zao kubwa ni za watu weusi waliovaa kanzu nyeupe.

Idd ya mwaka 1993 mwandishi aliitwa kupiga picha ya ukoo mmoja wa Ngamiani: wanaume kumi na wanane, kanzu nyeupe tupu, mbele ya ukuta wa chokaa. Aliufuata mshale wa kipima mwanga bila kuuhoji. Studio ilikuwa ikipeleka filamu za rangi Dar es Salaam kwa basi, na picha ziliporudi baada ya wiki mbili, kanzu zilikuwa za kijivu na nyuso zimezama gizani. Mzee wa ukoo, aliyekaa kitini katikati, alitambulika kwa fimbo yake tu. Hakufika Idd iliyofuata. Watoto wake walikuja studio kuomba picha ikuzwe. Ilikuzwa mara tatu, kwa karatasi tofauti, na hakikuongezeka kitu, kwa kuwa mwanga ambao haukuifikia filamu hauwezi kutolewa na dawa. Kosa lilikuwa la mpiga picha peke yake. Tangu siku hiyo hakupiga tena kanzu bila kuongeza mwanga.

Kuongeza huko huhesabiwa kwa hatua, na kila hatua ni kuuzidisha mwanga mara mbili au kuupunguza nusu. Weupe ukijaza sehemu kubwa ya picha, huongezwa hatua moja hadi moja na nusu. Uso mweusi ukiijaza picha yote kwa karibu, kamera hukosea upande wa pili, ngozi ikatoka imepauka kama yenye vumbi, na hapo hupunguzwa karibu hatua moja. Kwenye simu, uso huguswa kwa kidole kiooni, kisha alama ya jua inayojitokeza huvutwa juu au chini hadi ngozi ifanane na ngozi ya mtu aliyesimama pale.

Vifaa vyenyewe pia vina historia katika jambo hili. Kwa miaka mingi Kodak ilisambaza kwa maabara za picha kadi za kulinganishia rangi zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, zikajulikana kwa jina la Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliandika mwaka 2009 kwamba filamu zilianza kurekebishwa baada ya malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutofautishwa vizuri pichani. Fundi wa Tanga hakuyajua hayo wakati ule. Aliona tu kwamba picha iliyofuata maelekezo ya kiboksi cha filamu ilimpendeza mteja Mzungu na kumsikitisha mteja wa Ngamiani, na akajilaumu.

Kamera ya dijitali ilikuja na sheria iliyogeuka. Filamu ya negativu huvumilia mwanga ukizidi, lakini hunyima ukipungua. Dijitali huvumilia ukipungua kidogo, bali ukizidi, weupe huungua na haurudi tena. Neno la zamani la wateja, picha imeungua, likapata maana mpya: kanzu isiyo na mikunjo wala darizi, weupe mtupu kama shimo. Kwa hiyo mtu mwenye kanzu huondolewa juani kwanza, awekwe kivulini ambako weupe na weusi havitofautiani mno, ndipo mwanga uongezwe. Iliichukua mikono ya mwandishi mwaka mzima kuacha mazoea ya miaka ishirini.

Inapendeza kujua kwamba teknolojia hii ilizaliwa karibu na familia. Mwaka 1957 Russell Kirsch, mhandisi wa Marekani, aliingiza picha ya kwanza katika kompyuta kwa mashine ya kuskani, nayo ilikuwa ya mwanawe mchanga wa miezi mitatu, pikseli 176 kwa 176. Steven Sasson wa Kodak aliunda kamera ya dijitali mwaka 1975. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, na kuirekodi picha moja ya pikseli 10,000 kulichukua sekunde 23. Juni 1997, huko California, Philippe Kahn aliunganisha kamera na simu yake ya mkononi akawatumia jamaa na marafiki picha ya bintiye aliyezaliwa siku hiyo.

Kamera hupokea mwanga kwa njia tatu zinazotegemeana. Ya kwanza ni tundu la lenzi. Namba yake huwachanganya wanaoanza, kwa sababu namba ndogo ni tundu kubwa. Namba hiyo ni urefu wa fokasi wa lenzi ukigawanywa kwa upana wa tundu: lenzi ya milimita 50 kwenye namba 2 ina tundu la milimita 25, na kwenye namba 8 ina tundu la milimita 6 tu na kitu. Tundu kubwa huacha uso mmoja mkali na kufifisha vya nyuma. Kwa ukoo uliopangwa safu mbili au tatu halifai, safu ya nyuma itafifia, na namba 8 huwa salama.

Ya pili ni kasi ya shata. Mzee aliyekaa hupigwa bila shida kwa 1/125 ya sekunde. Mtoto anayecheza hutaka 1/500, na chini ya 1/60 hata mkono wa mpiga picha huitikisa picha. Ya tatu ni ISO, yaani wepesi wa kihisi kupokea mwanga. Ikipandishwa, picha huota chengachenga. Wengi huziogopa chenga hizo kupita kiasi. Mwandishi aliamua mapema kwamba afadhali picha yenye chenga ambayo mtoto anaonekana anacheka, kuliko picha laini ambayo uso wake ni ukungu. Kwenye simu nyingi tundu halibadiliki kabisa, hivyo gizani simu hupunguza kasi na kupandisha ISO yenyewe, na ndiyo maana picha za usiku za watoto hutikisika. Flashi ya simu ni dhaifu, haifiki mbali. Kumsogeza mtoto karibu na dirisha hufanya kazi vizuri kuliko flashi.

Kabla ya yote hayo, kioo cha lenzi kifutwe. Simu hushikwa na vidole vyenye mafuta, hukaa mfukoni na mkobani, na utando mwembamba kwenye lenzi hutia ukungu picha nzima. Ncha ya kanga safi, laini, inatosha.

Umbali ni somo ambalo simu zimelifanya kuwa la lazima. Lenzi yake kuu huona upana mwingi, na mpigaji hulazimika kusogea sana ili uso ujae. Pua, kwa kuwa iko karibu zaidi, hukua, na masikio hukimbilia nyuma. Mpigaji arudi nyuma hadi mita mbili hivi, ndipo avute picha mara mbili. Katika kundi, walio pembeni kabisa hunyooshwa kwa upana, basi bibi na wajawazito wakae katikati. Mtoto apigwe kwa kimo cha macho yake, mpiga picha akipiga goti. Fokasi iwekwe kwenye jicho lililo karibu. Kundi lipigwe mara tano au sita mfululizo, maana katika watu kumi na watano hakosi mmoja aliyefumba macho.

Kuhusu watu wenyewe, vitabu vya ufundi havisemi mengi. Wazee wa pwani walizoea studio, na mbele ya kamera hukaza uso na kunyoosha shingo kama wanaopigwa picha ya pasipoti. Ukiwaambia wacheke, hukaza zaidi. Mwandishi alipata njia kwa bahati, kisha akaitumia kwa miaka yote. Kamera ikiwa tayari na fokasi imewekwa, alitamka, “Shikamoo bibi,” na bibi alipoitikia “Marahaba, mwanangu,” shata ililia kwenye silabi ya mwisho. Macho wakati huo yanamtazama mtu, hayaitazami mashine.

Linalobaki ni kuhifadhi, na hapa dijitali ni dhaifu kuliko karatasi. Picha ya karatasi hufifia polepole, na mwenyewe huona. Faili hupotea kwa siku moja. Diski ya mwandishi iliharibika mwaka 2011 ikiwa na picha za nyumbani za miaka minne, nakala hakuna. Tangu hapo kila picha hukaa katika vifaa viwili tofauti, na nakala ya tatu katika nyumba nyingine. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, hivyo asili isifutwe, na inayotumwa kwa ajili ya kusafishwa itumwe kama faili ya hati. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 huhitaji takriban pikseli 1,200 kwa 1,800, na simu za leo zina ziada.

Picha chache za kila mwaka zisafishwe, na nyuma yaandikwe majina kamili, mahali, mwezi na mwaka, kwa wino usiofutika ulioachwa ukauke. Picha ile ya Idd ya 1993 ingali ukutani Ngamiani. Nyuma yake mjukuu wa mzee aliandika majina yote kumi na nane, kwa mpangilio wao pichani, na mwaka 2014 mwandishi aliiomba, akaiskani mbele na nyuma, akairudisha.