Kuku wa Kichina Jikoni Kwetu Mkoani

Akina mama wenzetu, sisi ni wake watatu kutoka bara tuliofuata waume zetu kikazi kisiwani Pemba. Nyumba zetu hapa Mkoani zinatazamana, na karai kubwa tunalo moja tu, la kuazimana. Mmoja wetu ni muuguzi, naye ndiye aliyetuletea upishi huu.

Tangu mwaka 1964 madaktari wa Kichina, kutoka jimbo la Jiangsu, wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu. Huku Pemba hufanya kazi katika Hospitali ya Abdulla Mzee, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Mwenzetu aliwaona wakipika: kuku kidogo, mboga nyingi, moto mkali, na mara chakula kimeiva. Sisi tuliozoea kuku wa kutokota saa nzima tulicheka, kisha tukataka kujaribu.

Siku ya kwanza tuliwaalika majirani. Mume wa mmoja wetu alichinja kuku uani, tukapika kwa bidii. Bibi wa nyumba ya pili alitangulia kuingia.

“Mmepika Kichina?”

“Ndiyo bibi. Lakini ni kuku tu, hamna nguruwe.”

“Kamchinja nani?”

Tukatazamana. Bibi hakusema neno baya. Walikunywa chai, wakatushukuru, wakaenda zao, na sinia likabaki limejaa. Tuliona haya. Mara ngapi tumejifunza Wakorintho wa Kwanza sura ya 8, juu ya chakula na dhamiri ya mwenzako! Kumbe kisu kikiwa mkononi tulisahau yote.

Baada ya wiki mbili tulibeba kuku hai hadi mlangoni kwake.

“Shikamoo bibi. Tumekuja kumwomba babu atuchinjie.”

“Marahaba wanangu. Mleteni.”

Wachina wengi hutia mvinyo wa mchele katika upishi huu. Sisi tuliuacha, tukakamua ndimu. Hata chupa ya sosi ya soya tuliisoma vizuri, kwa kuwa nyingine hutiwa kileo.

Kuku wa kisasa ndiye anayefaa. Wa kienyeji ni mgumu, basi tumia kidari chake tu, mengine yawe supu. Kata nyama vipande vyembamba, kisu kikikatiza nyuzi zake, uchanganye na vijiko 2 vya sosi ya soya, kijiko 1 cha konflawa, tangawizi na vitunguu thomu vilivyopondwa. Iache nusu saa. Katakata karoti, kabichi na pilipili mboga kabla ya kuteleka karai, maana baadaye hutapata nafasi.

Mkaa uwe mwekundu kabisa. Mafuta yakipata moto sana, kaanga nyama kwa mafungu mawili. Hapa ndipo tulipokosea mwanzoni: ukijaza karai, joto hushuka, nyama hutoa maji, nawe umepata kuku wa kuchemsha! Itoe, tia karoti, halafu pilipili mboga, kabichi mwisho. Rudisha nyama, mimina nusu kikombe cha maji yaliyokorogwa na konflawa kijiko kimoja, geuza mpaka mchuzi ung'ae. Kabichi ilie mdomoni, isilainike.

Wachina wana bizari yao ya viungo vitano, na karafuu na mdalasini vimo. Msimu wa karafuu sisi hupita kando ya majamvi yake yaliyoanikwa, kwa hiyo tulitia unga wake, chembe tu. Ukizidisha, chakula huwa dawa ya meno.

Kuku huyo mmoja, pamoja na wali, alitosha watu 11. Bibi alikula kimya, akaomba pilipili, akaongezewa. Tulimtazama kama watoto wanaosubiri majibu ya mtihani.

“Kuku mzuri,” akasema mwishowe, akinawa mkono. “Ila nazi mmeisahau.”