Mwalimu na Kipimo Chake



Juma hili tulitembelewa na mwalimu mmoja, mwanajumuiya wetu hapa Madibira. Hakuja kuandikisha ubatizo. Alikuja kuchaji simu, apate kujaza kazi zake katika PEPMIS, mfumo wa kompyuta ulioshika nafasi ya OPRAS katika mwaka wa fedha 2023/2024. Tulimkaribisha chai, mazungumzo yakawa marefu.

Wengi wetu hudhani walimu hawapendi kupimwa. Yeye hakusema hivyo. Alitukumbusha kwamba kabla ya 2004 mtumishi wa umma alijaziwa taarifa ya siri, asijue mkuu wake ameandika nini. OPRAS ilipoanza mwaka huo ilileta ahadi njema: mtumishi na mkuu wake wakubaliane malengo Julai, watazamane tena Desemba, wahitimishe Juni. Fomu alizijaza miaka mingi. Kuketi pamoja hakumbuki hata mara moja. “Nilinakili ya mwaka uliopita, Padre, nikabadili tarehe.”

Kuna jambo ambalo sisi tusio walimu hatukuwahi kuliwaza. Tathmini hufuata mwaka wa fedha, lakini mwaka wa shule huanza Januari. Inapofungwa Juni, darasa la sasa liko katikati ya safari, na nusu ya kwanza ya kipimo ni ya watoto waliokwisha kuhama darasa lake.

Nao mpunga una kalenda yake. Unapoanza kutoa punje, watoto hupelekwa mashambani kuamia ndege, madawati yakabaki matupu (wazazi, mnajua tunasema na nani). Ufaulu ukishuka, anayeulizwa ni mwalimu. Safu ya kwelea kwelea haimo.

Tulijitazama sisi wenyewe. Kila mwaka tunapeleka jimboni hesabu ya ubatizo na ndoa, nasi twajua ni siku ngapi za utume zisizoonekana katika hesabu hiyo. Ila askofu akija, hutuuliza. Mwalimu huyu angeridhika na hilo tu: mkuu wake aketi dawati la nyuma kipindi kizima, kisha wazungumze. Kuondolewa kwa makaratasi anakushukuru. Lakini simu, asema, haimwulizi kwa nini.

Ilipojaa chaji, aliaga. Alikuwa na madaftari ya darasa la nne ya kusahihisha usiku ule, kazi ambayo, alisema akicheka, bado hajaamua aiandike katika lengo lipi.